Kabila Halitii Sahihi

Swali lenyewe unalijua hata kama ulikuwa unalala darasani. Ni jamii gani kati ya hizi iliyoshirikiana na Waingereza? A, Wanandi. B, Wagiriama. C, Wamaasai. D, Wabukusu. Unapaka penseli kwenye C, unaruka swali linalofuata, maisha yanaendelea. Karatasi ya KCPE ya SST na dini ilikuwa na maswali 90, na 60 kati yake yalikuwa ya SST. Nani alikuwa na muda wa kuuliza C ni akina nani hasa?

KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Siku hizi kuna Gredi ya Saba, ya Nane na ya Tisa, kuna miradi ya kufanyia nyumbani, kuna vitabu vyenye picha za rangi. Lakini nimekaa na vitabu vya mdogo wangu pamoja na vile vyangu vya zamani vilivyopasuka jalada, na kuna mtindo mmoja wa sentensi ambao haujazeeka. Jamii fulani ilihama kutoka mahali fulani. Jamii fulani ilipinga. Jamii fulani ilishirikiana. Jamii fulani ilinufaika. Nataka tuiangalie hiyo sentensi polepole, kwa sababu nadhani imetufanyia kazi kubwa kuliko tunavyojua.

Sisi watu wa mtandaoni tumezoea lalama moja kuhusu historia ya shule: hawakutufunza. Hawakutufunza Hola, ambako wafungwa 11 walipigwa na askari wa gereza hadi wakafa, Machi 1959, kisha serikali ikasema wamekufa baada ya kunywa maji. Hawakutufunza Wagalla, ule uwanja wa ndege wa Wajir ambako wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa Februari 1984. Idadi ya waliokufa ambayo serikali ilitangaza mwanzoni na ile iliyoandikwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano 2013 hazikaribiani hata kidogo. Lalama hii ni ya haki, siipingi. Lakini hebu chukua Wagalla leo, uitie kwenye kitabu cha SST vile kilivyo. Unajua itakuwa nini? Itakuwa: taja matokeo matano ya mauaji ya Wagalla. Alama tano. Mtoto atakariri, atapata nne, atasahau.

Kwa hivyo kurasa zilizokosekana ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine iko kwenye kurasa zilizopo, na ni jambo la sarufi kabisa. Kwenye somo la Kiswahili tulifunzwa kiima na kiarifu: nani alitenda, alitenda nini. Kengele ikilia tunaingia SST, na huko kiima kinakuwa kabila. Wanandi walipinga. Wawanga walishirikiana. Kabila linatembea, linafikiri, linakasirika, linasaini mkataba. Lina tabia moja kama mtu mmoja. Ukisoma hivyo kutoka darasa la nne mpaka la nane, unamaliza shule ukiamini kwamba waliotenda mambo katika nchi hii ni makabila.

Sasa rudi kwa C.

Wamaasai walishirikiana. Kitabu hakidanganyi, na tukitenda haki tutakubali kwamba kile cha sekondari hata kinatoa sababu. Miaka ya mwanzo ya 1890 ng'ombe walikufa kwa sotoka, watu wakafa kwa ndui, ukame ukaja, na baada ya Mbatian kufariki wanawe wawili, Lenana na Sendeyo, wakaingia vitani. Lenana akatafuta Waingereza. Mpaka hapo sawa. Lakini ona tayari kiima kimepasuka: hawa ndugu wawili walikuwa Wamaasai wote. Yupi kati yao ndiye "Wamaasai"?

Endelea mbele. Mwaka wa 1904 Lenana na wazee wengine wakaweka alama zao kwenye mkataba uliowatoa watu wao kwenye nyasi bora za Bonde la Ufa, kule Naivasha na Nakuru, wapate nafasi walowezi. Waligawanywa sehemu mbili, wengine Laikipia, wengine kusini. Ahadi ilikuwa kwamba mpango huo utadumu muda wote ambao Wamaasai watakuwa duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 serikali ikaitaka Laikipia pia, na mkataba wa pili ukatengenezwa. Aliyeongoza upinzani huko Laikipia ni Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa rika lake, ambaye aliburutwa mpaka kwenye sahihi hiyo akiwa hataki. Kisha yeye na wenzake wakafanya jambo ambalo mimi nilipolisoma mara ya kwanza, nje ya shule yoyote, nilisimama.

Walienda kortini. Mwaka wa 1913 Ole Njogo na wenzake waliishtaki serikali ya kikoloni kupitia wakili wa Mombasa, wakasema mkataba wa 1904 umevunjwa na huu wa 1911 hauna nguvu. Majaji wakawajibu kwa ujanja unaouma mpaka leo. Walisema Wamaasai si raia wa Mwingereza, ni watu wa nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake, na mkataba wao ni kama mkataba kati ya dola mbili, kwa hivyo korti haina uwezo wa kuusikiliza. Yaani una uhuru wa kutosha kupokonywa ardhi kwa mkataba, lakini hauna haki ya kuuliza jaji kuhusu mkataba huo. Rufaa nayo ikatupwa mwaka huo huo. Mifugo na watu wakasukumwa kusini.

Kesi hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria. Mtoto wa miaka 13 anapata herufi C.

Na hii si stori ya zamani iliyoisha. Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana Nairobi na kuingiza ng'ombe kwenye mashamba ya Laikipia, wakidai ardhi. Polisi wakawatawanya. Mtu aliyesoma C pekee, akitazama taarifa ya habari jioni hiyo, angeelewa nini? Angeona watu wa fujo. Mtu aliyewahi kusikia jina la Ole Gilisho angeona sura nyingine ya kesi ile ile.

Hata upande wa mashujaa, pale kitabu kinapotaka kusifu, sentensi hiyo inaharibu. Wagiriama walipinga wakiongozwa na Mekatilili wa Menza. Vizuri. Lakini sehemu kubwa ya hasira za Mekatilili mwaka wa 1913 ilielekezwa kwa vijumbe Wagiriama waliokuwa wanakusanya kodi ya nyumba na kuwatafutia wazungu vijana wa kufanya kazi mashambani. Alizunguka kijiji hadi kijiji, akawalisha wanawake kiapo cha mukushekushe wasiisaidie serikali. Kwa nini ulishe watu wako kiapo kama watu wako wote wako upande mmoja? Kiapo kinalishwa mahali ambapo kuna shaka. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi Pwani. Ukiniambia Wagiriama walipinga, umenipa bendera. Ukiniambia mwanamke mjane alisimama mbele ya majirani zake na kuwaomba wachague, umenipa historia.

Na yuko mmoja ambaye hafai kwenye sanduku lolote. Harry Thuku, karani wa simu, mwaka wa 1921 alianzisha chama alichokiita cha Afrika Mashariki, jina ambalo halikutaja kabila lolote, akisaidiwa na Wahindi wa mjini. Machi 1922 alikamatwa. Watu wakajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi, wanaume wakasita, na Mary Muthoni Nyanjiru akapandisha nguo yake na kuwaambia wanaume wampe suruali zao kama wanaogopa. Polisi wakapiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, waliokuwepo walisema ni zaidi, na Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Thuku akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Halafu? Alirudi, akaachana na wenzake wa KCA, akaanzisha chama cha kutii serikali, na miaka ya 1950 akaipinga Mau Mau hadharani. Mtu yule yule. Sasa mtoto apake penseli wapi, kupinga au kushirikiana?

Tusiseme haya maneno mawili yaliokotwa barabarani. Miaka ya 1960 nchi zilikuwa changa na wanahistoria walikuwa na kazi ya kuonyesha kwamba Mwafrika hakulala akisubiri kutawaliwa. Terence Ranger, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, aliandika 1968 kuhusu uzi unaounganisha vita vya mwanzo dhidi ya wakoloni na vyama vya uhuru vya baadaye. Ilikuwa kazi ya maana kwa wakati wake. Lakini wanahistoria wenyewe hawakukaa hapo, waligundua mapema kwamba mtu mmoja anaweza kupinga Jumatatu na kushirikiana Alhamisi, na kwamba ndani ya boma moja kulikuwa na pande tatu. Waliobaki hapo ni watunga mitihani. Na unaelewa sababu: jibu lenye pande tatu haliwezi kusahihishwa na mashine.

Sasa nije kwa kinachoniuma. Mwaka jana mdogo wangu alikuja na daftari, akaniuliza: "Bro, kwani sisi tulipinga ama tulikuwa upande wa wazungu?"

Sisi. Ana miaka 13, amezaliwa Nairobi, Kiswahili ndicho anachoota nacho. Baba kwao ni upande huu, mama kwao ni upande ule, na kulingana na kitabu upande mmoja ulipinga na mwingine ukashirikiana. Sisi gani? Nilimwuliza anafikiri nini, akafikiria kidogo, akasema labda aandike ya baba, kwa sababu ndiyo jina liko kwa cheti. Akaandika hivyo, akafunga daftari. Hakuna mwalimu aliyekosea hapo. Swali lilikuwa la kawaida, jibu lilikuwa la kawaida. Lakini usiku huo mtoto alikuwa amejifunza kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya malengo ya somo: kwamba aliyotenda mtu miaka 120 iliyopita yanamfikia yeye kupitia damu, sifa na lawama pamoja.

Huo ndio mtaala ninaouogopa. Ukishazoea kabila kama kiima, huhitaji kujitahidi ili uongee kama mwanasiasa wa jukwaani. Wao walichukua ardhi yetu. Wao wamekula, sasa ni zamu yetu. Ni sarufi ile ile ya SST, imevuliwa yunifomu tu. Sisemi kitabu cha darasa la saba ndicho kilichochoma nyumba Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa 2007. Waliochoma walikuwa na sababu nyingine, na waliowalipa wengine walikuwa na sababu zao. Ninasema kwamba mtu alipotoka na kiberiti akiamini jirani yake ni "wao", shule haikuwa imempa sentensi nyingine ya kujibu nayo.

Na sentensi nyingine ipo. Iko kwenye makaratasi ya serikali yenyewe. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria, ilitoa ripoti yake 2004. Fungua viambatisho vyake. Huoni kabila limepewa shamba. Unaona nambari ya kiwanja, ukubwa, na jina la mtu au kampuni. Kabila halitii sahihi. Kabila halina hati miliki. Anayepata hekta ni mtu, tena mara nyingi watu wa kabila lake wanaokodi chumba kimoja Githurai hawakupata hata pa kuzikwa. Ajabu ni kwamba ripoti ya serikali, maandishi makavu kuliko yote duniani, inajua kutaja watenda kuliko kitabu cha historia.

Hata Mau Mau, somo ambalo kila mtu anadhani analijua, linabadilika ukiuliza majina. Usiku wa Machi 26, 1953, Lari, Wakikuyu waliwachoma Wakikuyu, kisha wengine wakauawa kwa kulipiza kisasi. Nyuma ya usiku huo kulikuwa na mgogoro wa ardhi ulioanza miaka mingi kabla ya vita, watu walipohamishwa kutoka Tigoni na wengine wakakubali na wengine wakakataa. Baada ya vita, homugadi na yule aliyetoka kizuizini walirudi kijiji kimoja, na nadhani unaweza kukisia nani alikuta shamba lake likiwa pale pale na nani alikuta mipaka imehama. Wajukuu wao wanasoma shule moja leo. Kitabu kinawaambia wote wawili kwamba "Wakikuyu walipigania ardhi". Mmoja wao akirudi nyumbani anajua kuna kitu hakijasemwa.

Walimu watanijibu, na wana haki ya kujibu. Darasa lina watoto wengi, vipindi ni vichache, silabasi ndefu, na huyu ni mtoto wa miaka 12, umwambie mambo ya Lenana na Sendeyo na korti ya rufaa? Ndiyo. Mtoto huyo huyo anajua ligi nzima ya Uingereza. Anajua mchezaji gani aliuzwa, nani alimuuza, kwa bei gani, kocha alikuwa amegombana na nani, na kwa nini timu moja ina pande mbili kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hachanganyikiwi. Ukimwambia "Arsenal iliamua", atakucheka na kukuuliza nani pale Arsenal. Ana akili ya historia tayari. Sisi ndio tunamwambia aiache mlangoni.

Mtaala mpya ulikuwa na nafasi ya kubadilisha hili, na kwa sehemu umejaribu. Unataka mtoto aulize maswali, afanye utafiti mdogo, aongee na wazee. Nimeupenda huo upande. Lakini kisha unakuja na maadili yake manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii, uadilifu. Yanapachikwa kwenye kila somo kama chumvi. Haki ya kijamii iko namba saba, nzuri kabisa, lakini haki ni kati ya nani na nani? Umoja wa watu gani waliotengana kwa jambo gani? Ukimfundisha mtoto amani bila kumwambia nani alimkosea nani, umemfundisha kunyamaza. Na kunyamaza tunakujua sana hapa nchini, kuna wakati tulikuita utulivu.

Ningeomba kitu kidogo tu, hata kabla ya vitabu vipya kuchapishwa. Maswali matatu kwa kila mada, yaandikwe ubaoni. Nani alitia sahihi? Nani alikataa? Nani alibaki na shamba? Mwalimu wa Narok anaweza kuyauliza, wa Kilifi pia, wa Kiambu, wa Wajir. Hayahitaji kompyuta wala tabuleti. Yanahitaji tu tukubali kwamba jibu la mtoto wa kwanza na la mtoto wa pili yanaweza kutofautiana, na wote wakapata alama.

Kizazi chetu kina sababu yake ya kulijali hili, na haihusu mababu. Juni 25, 2024, wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha na 106 wakaupinga, huku watu wakiwa nje ya geti, na kabla jua halijatua baadhi yao walikuwa wamekufa. Tulisema hatuna kabila. Orodha ya wabunge ilisambaa kwenye simu jina baada ya jina, ndiyo na hapana, na kwenye mikesha majina ya waliouawa yalisomwa moja moja. Kwa wiki chache tuliandika historia vile inavyopaswa kuandikwa, na watenda wakiwa watu.

Lakini vitabu vina subira. Siku moja sura hiyo itaandikwa, na naweza kuisikia kutoka hapa: vijana walipinga mswada. Taja sababu tano. Na tutakuwa tumegeuzwa kabila jipya, vijana, lenye tabia moja na moyo mmoja. Atakuwa amefutwa yule aliyelipwa kuja kuvuruga maandamano, yule aliyebaki nyumbani kwa sababu mamake alificha viatu vyake, yule mbunge kijana aliyepiga kura ya ndiyo, na yule askari wa miaka 24 aliyelenga. Mtoto wa Gredi ya Nane atapaka penseli kwenye B, na kuendelea na swali linalofuata.